Onyo Lililofumwa Kwenye Foronya za Nei Rotia

Nei Rotia, yaani Bibi Rotia, wa Bikenibeu alikuwa mwanamke wa kuombwa. Sisemi wengine hawaombwi. Hapa kisiwani Tarawa kila mtu huombwa, na ombi letu, bubuti, likishatamkwa halina mlango wa kutokea. Ndugu akikuambia, "Nimekuja kububuti sufuria yako," unampa sufuria na kifuniko chake, na ukiwa muungwana unaiosha kwanza. Kumnyima ni aibu itakayokula hata kwenye mazishi yako.

Lakini wengine wakiombwa leo, kesho nao huenda kuomba, na vitu vikazunguka. Rotia aliona haya kuomba. Kwake maji yalikupwa tu, hayakujaa. Baiskeli ilikwenda Bonriki. Redio ilikwenda na betri zake. Mtoto wake wa pili aliombwa na shangazi wa mumewe akapelekwa Abaiang, na huyo, kusema kweli, alinenepa huko. Mumewe, Ten Baraniko, hakuna aliyewahi kumwomba, akabaki.

Basi mwaka ule wa ukame, minazi imesinyaa na hata tembo tamu likidondoka kwa shida, Rotia akakaa kwenye ulingo wa nyumba yao na sindano yake ya kroshia, akabuni mshono. Katikati mgongo wa kasa, pembeni mabawa ya ndege wa baharini, na kona zote nne zikikutana bila fundo hata moja. Wanawake wa huku hawasomi mshono; wanautazama tu, jioni wanao. Huu waliutazama mpaka macho yakawauma. Waligeuza foronya ndani nje, wakainusa, hawakuona ilipoanzia.

Rotia akafurahi kimyakimya. Mpwa wake Tiareti, aliyekuwa amerudi kutoka Australia alikokwenda kuchuma matunda, akamwambia, "Shangazi, uandike. Kule watu wanauza mishono kwa karatasi. Ila chini weka onyo, kwamba ni wako."

"Na mtu akinakili?"

"Anakuwa mwizi."

"Na akibubuti?"

Tiareti akafikiri. "Kule hakuna bubuti, shangazi."

"Maskini wa Mungu," akasema Rotia. "Wanaishije?"

Hata hivyo akakubali. Tiareti akachora karatasi, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: MSHONO HUU NI WA ROTIA. USINAKILI. Rotia akakaa anayatazama yale maneno muda mrefu. "Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja. Nikifa watu waseme, hiki kilikuwa cha Rotia, na kilikuwa bado kiko kwake."

Akauza karatasi chache kwa akina mama wa kanisani, kila mmoja akiahidi kuificha. Nyumba zetu hazina kuta, sijui walidhani wataificha wapi.

Haikuchukua muda, akaja Kabiria, binamu ya Ten Baraniko, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ulio mbali. Akaketi, akala shelisheli lote lililokuwepo, akajifuta mdomo.

"Dada Rotia, mzima?"

"Mzima, dada."

"Nimekuja kububuti ile karatasi yako."

Rotia akafumba macho. "Ile ina onyo, Kabiria."

"Onyo linasema nisinakili. Je, limesema nisiombe?"

"Halikusema."

"Ehee. Basi lete, kabla jua halijawa kali."

Akapewa. Aliahidi kwa jina la marehemu mama yake kwamba hatanakili hata mshono mmoja, na ahadi hiyo aliitimiza, kwa sababu Kabiria hajui kufuma. Ila alikuwa na dada watatu, nao wakambubuti. Dada wana wakwe. Wakwe wana mashemeji huko Betio, na shemeji mmoja ana kazi mahali penye mashine ya fotokopi.

Siku ya soko Rotia alikwenda kununua jodari, akaona foronya zimetundikwa kando ya barabara, mgongo wa kasa juu ya mgongo wa kasa. Alisogea karibu, akashika mdomo. Kuzunguka kila foronya, kwa uzi mwekundu, palifumwa: MSHONO HUU NI WA ROTIA. USINAKILI.

"Mama," akamwuliza muuzaji, "haya maneno mmeyaweka ya nini?"

"Si yamo kwenye karatasi? Tukajua ndiyo taraza ya ukingoni." Yule mama akahema. "Tena yanakula uzi hayo, we acha tu. Huyo Rotia angejua anavyotutesa."

"Umesoma yanasema nini?"

"Nimesoma, mwenzangu. Nimeyafuma mara ngapi! Nakili, usinakili, kazi ni ileile. Utachukua mbili?"

Rotia, kwa haya zake, akachukua moja.

Tiareti ndiye aliyepiga kelele mpaka shauri likafika maneaba, ukumbi wetu wa mikutano. Wazee wakaketi kila mmoja kwenye nafasi ya ukoo wake, akina mama nyuma, na foronya za ushahidi zikarundikwa katikati. Rundo lilikuwa laini, na mzee Teitikai, mwenye kuendesha shauri, akaliegemea.

"Kabiria," akasema, "umeiba?"

"Niliomba, mzee. Nikapewa. Nami nikaombwa, nikatoa. Sasa mnataka niwe mchoyo?"

Wazee wakanung'unika kwamba la, mchoyo tena! Hatujafika huko.

"Lakini imeandikwa ni wa Rotia!" akadakia Tiareti.

"Na ndivyo tulivyofuma, kwamba ni wa Rotia," wakajibu akina mama. "Tumedanganya wapi? Mwizi gani anamwandika mwenye mali?"

Mzee mmoja akauliza kama mtu akivua samaki kwa mtego wa jirani yake, je, samaki ana kosa. Wakalijadili hilo la samaki mpaka chai. Baada ya chai Teitikai akasema anaona Rotia bado ana haki yake, na haki ni haki, basi Kabiria aombe radhi.

Hapo Kabiria akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Kama tatizo ni haki," akasema, "dada Rotia, mbele ya wazee hawa, nakububuti haki yenyewe."

Rotia akamtazama mumewe. Ten Baraniko akatazama paa. Tiareti alikuwa anatikisa kichwa, shangazi usitoe, usitoe, machozi yanamlengalenga.

"Chukua," akasema Rotia.

Wazee wakapiga makofi, kwa kuwa utoaji ule ulikuwa mzuri. Kisha Teitikai, ambaye hupenda mambo yanyooke, akatangaza kwamba haki sasa ni ya Kabiria, kwa hiyo foronya zote za Tarawa zifumuliwe, jina la Rotia litolewe, lifumwe la Kabiria.

Mnajua mwanamke akiambiwa afumue alichofuma. Walisimama wote.

"Nifumue? Mimi? Mgongo wote huu unaniuma?"

"Njoo ufumue wewe, mzee, na miwani yako hiyo!"

"Jina lenyewe refu, litapinda kona! Rotia limekaa mahali pake, liacheni!"

"Lakini haki ni yangu!" akalia Kabiria.

"Kaa nayo! Nani amekuomba?"

Teitikai akaona mvua inakuja, akafunga shauri. Mvua haikuja.

Ile haki Kabiria hakukaa nayo hata wiki. Iliombwa na binamu wa Eita, ikaombwa tena, na mara ya mwisho nilisikia iko Betio kwa mama mmoja mkaanga maandazi, asiyejua aifanyie nini.

Jumapili iliyofuata Kabiria alichelewa ibada. Aliingia mbio, kitenge upande, akaketi mbele ya Rotia. Alikuwa ametoka usingizini saa ileile, na alama ya uzi wa foronya ilikuwa imemkaa shavuni, kinyumenyume lakini inasomeka: ROTIA. Watu wakaanza kugusana viwiko. Kabiria akageuka.

"Mnanitazama nini? Nina nini usoni?"

"Huna kitu, dada," akasema Rotia. "Imba."

Akaufungua wimbo yeye mwenyewe, huyo Rotia ambaye miaka yote hatukuwahi kusikia sauti yake kanisani, akaimba kwa nguvu hata mchungaji akapoteza ukurasa.