Mwanamke Aliyeijua Damu ya Mume Wangu

Mimi ni mwanamke mwenye wivu na sijawahi kulificha hilo. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuacha chakula nusu sahani, sikuwaza ugonjwa. Nilimpikia ndizi na nyama, akala vijiko vinne, akasema ameshiba. Nikampikia loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, anayoipenda tangu utoto, akalisogeza bakuli pembeni. Mwanaume anayeshinda karakana ya useremala kule Elerai, jioni anapanda kurudi kwetu Meru, anashibaje kwa vijiko vinne? Nikajua kuna mahali anakula. Nilinusa mashati yake. Nilimlalamikia dada yangu kwamba huyo mwanamke, yeyote yule, anapika vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kumbe aliyekuwa akimshibisha ni bandama. Daktari alimlaza, akambonyeza ubavu wa kushoto, akanionyesha lilivyovimba hadi karibu na kitovu, limelibana tumbo hadi chakula hakina nafasi. Baadaye yakaja majibu ya damu: saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Nitasema ukweli wa aibu. Kabla sijaogopa, nilifurahi kwamba hakuna mwanamke.

Mwanamke alikuja baadaye, na alitokea kliniki. Anauza vitenge, anakaa Themi, ana ugonjwa uleule na kidonge kilekile cha kila siku. Walikutana kwenye benchi la kusubiria, hospitali ya rufaa ya mkoa jirani, wakazoea kusafiri pamoja kila baada ya miezi mitatu kwenda kupima. Hakuwa na nia mbaya, nalijua hilo na nililijua hata wakati ule. Lakini mume wangu, ambaye kwangu hakusema neno kuhusu damu yake, alikuwa akisimama kwenye migomba na simu sikioni, anacheka. "Yako imeshuka? Hongera, dada. Yangu bado inajivuta." Mimi niko jikoni namenya ndizi, nasikia kila kitu na sielewi chochote.

Tuna mti wa balungi nyuma ya nyumba. Kila asubuhi nilimkamulia glasi nzima, maana mgonjwa anahitaji vitamini. Siku moja yule dada alikuja kutusalimia, akaikuta glasi mezani.

"Samahani dada, hii si balungi?" aliniuliza kwa upole. "Sisi tumekatazwa. Linaiongeza dawa mwilini kupita kiasi."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo nikajua kwamba juisi yangu ya miezi yote ile ilinywewa na mgomba ulio chini ya dirisha. Aliona afadhali kuimwaga kuliko kunieleza. Na yule alisema "sisi", nyumbani kwangu, kwenye meza yangu. Nadhani kama ningewafumania nisingeumia vile.

Nikaapa kuujua ugonjwa ule kuliko yeye. Safari iliyofuata nilipanda basi nao, nikakaa katikati yao. Kwa daktari niliuliza maswali hadi waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna. Niliyoelezwa niliyaandika kwenye daftari. Kwamba ndani ya uboho, ile rojo ya katikati ya mfupa, kuna chembe moja ambayo nyuzi zake mbili za urithi zilikatika, zikabadilishana vipande na kuungana vibaya. Hakurithi kwa mtu, wala hawezi kumwambukiza mtu. Pale palipoungana vibaya panatoa amri isiyokoma: tengeneza chembe nyeupe, tengeneza tena, kama bomba ambalo koki yake haifungi. Kidonge kinaishikilia koki, ndiyo maana haruhusiwi kuacha hivihivi eti kwa sababu anajisikia mzima. Na ile namba waliyokuwa wakiulizana ni asilimia ya ugonjwa uliobaki kwenye damu. Wanataka ishuke hadi sifuri nukta moja, au chini ya hapo. Yule wa Themi alikuwa ameshafika. Hilo nalo lilinikera.

Basi nikashika usukani. Nilihesabu vidonge vyake kila Jumapili baada ya ibada. Nilimsimamia hadi amalize chakula, kisha dawa, kisha maji yote. Nilimbonyeza miguu kuona kama imevimba. Nilimkataza kubeba mikungu ya ndizi. Hata yule dada nilimpigia simu mara mbili kumkumbusha mambo ambayo nadhani aliyajua. Simu za kwenye migomba zikapungua, na mimi nikajihesabia ushindi. Nilijiambia kwamba sasa ni wangu.

Mwezi uliopita alikwenda kuchukua majibu bila mimi, kwa kuwa ndama wetu alikuwa anaharisha. Alirudi alasiri. Nilimpokea getini, na kabla sijampa pole ya safari nikamuuliza, "Imefika ngapi?"

Aliweka mfuko chini.

"Mama watoto," alisema, "yule dada ananiuliza hivyo. Manesi wananiuliza hivyo. Wewe ulikuwa unaniuliza kama nimeleta misumari ya banda. Nilikuwa nikifika kwenye geti hili, naacha kuumwa."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu, maana kujibu hasira nakuweza.

Nilisimama pale nimeshika kitasa cha geti. Yule mwanamke alikuwa na mgonjwa, basi. Mwanaume mzima wa afya nilikuwa naye mimi peke yangu, hakuna mwingine duniani aliyekuwa akimpata, na nilimfukuza kwa wivu wa kumtaka yule mgonjwa. Nikajaribu kumrudisha. Nikamwambia kahawa ya shamba la chini imeiva, je, tuanze kuchuma lini?

Alifikiri kidogo. Kisha akanijibu kwa adabu, kama anavyomjibu daktari.

"Ni sifuri nukta nne."