Tai wa Iskanderia kwenye Mzani wa Mbaruku

Kantilal alikuwa fundi saa wa Mtaa wa Msimbazi. Enzi za ruksa ya kuingiza bidhaa za nje zilipotuletea saa za plastiki kutoka Dubai, kazi yake ikalala. Wenzake walihamia kwenye redio. Yeye alibaki na kioo chake cha kukuzia jichoni, akikagua sarafu kuukuu za shaba za majimbo ya Dola ya Kirumi, alizonunua kwa mabaharia bandarini. Alikuwa nazo kumi na moja kwenye kopo la biskuti, na mkewe Harshida hakuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Iliyomnyima raha ni moja asiyokuwa nayo, ya Iskanderia kule Misri, yenye tai. Siku moja akaiona hapahapa Kariakoo, kwenye mzani wa Mbaruku muuza viungo, ikitumika kama jiwe la kupimia iliki. Najua kwa sababu meza yangu ya vitunguu inatazamana na ya Mbaruku, na mimi macho ninayo.

Mtu mwingine angeomba auziwe. Kantilal aliogopa, maana sokoni kwetu ukionyesha tu kwamba kitu umekipenda, bei inapaa. Basi akawa ananunua iliki kila siku ili aitazame sarafu. Anainama mpaka pua inakaribia sahani, kioo jichoni, kimya. Miaka miwili. Harshida alitia iliki kwenye chai, kwenye wali, mpaka kwenye kabati la nguo. Nilimwonea huruma, na yule mumewe alinikera kwelikweli.

Jumatatu moja Kantilal alikuta mzani mpya wa mshale. Akapauka.

"Mbaruku ndugu yangu, lile jiwe lako la zamani liko wapi?"

Mbaruku alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Kantibhai, nisamehe. Nilijua umeshanigundua. Kila siku unalikagua na hicho kioo, wala husemi kitu. Lile jiwe lilikuwa jepesi, nimekupunja sana. Jana nimelitupa mtoni, roho yangu itulie."

"Mtoni wapi?"

"Msimbazi, pale darajani. Kwenye tope lenyewe."

Kantilal alikaa juu ya gunia langu, machozi yakamtoka. "Mbaruku," akasema taratibu, "mimi iliki hata siipendi."

Mbaruku hakumwelewa. Alidhani bado ana kinyongo, akampimia kilo nzima kwenye mzani mpya, akaongeza na konzi moja, bure, ya kumwomba radhi. Kantilal akaipokea kwa mikono miwili, akampelekea Harshida.