Gène, Si Gêne

Binti yetu ana SS, ugonjwa wa damu unaomshika mifupani hadi anapiga kelele. Alikuwa na miaka saba siku daktari alipotuketisha, mimi na mume wangu, akaeleza kwa Kifaransa cha haraka kwamba mtoto ameupata kwa sababu sisi wote wawili tuna gène.

Mume wangu anaendesha lori la kwenda Kasumbalesa, na Kifaransa chake amekiokota huko mpakani. Tulirudi nyumbani. Siku nne alikula ameinamisha kichwa. Siku ya tano akasukuma sahani ya bukari, ugali wetu.

"Gêne gani nilifanyaka mie, mama? Docteur alisema mbele yako!"

Alikuwa amesikia gêne, yaani aibu. Nilicheka, na mpaka leo najichukia kwa kicheko kile, maana siku zote nne alikuwa akichambua maisha yake akitafuta kosa lililomfikia mtoto. Nikamweleza kwamba gène ni kama maandishi ndani ya mwili, na ya binti yetu yana herufi moja iliyokosewa.

"Sasa juu ya nini habairekebishe?"

Kweli, kwa nini hawairekebishi herufi hiyo? Kesho yake nilikuwa kwa daktari, hata kiti sikukitaka. Akakubali kwamba nchi nyingine wameanza. Wanatoa chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, wanayasahihisha yale maandishi, kisha wanamrudishia. Dawa yenyewe ni damu yake. Na hapa kwetu, lini? Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilitamani kumrukia.

Tangu hapo situlii. Napika huku natembea, nafagia palipofagiwa. Mume wangu ananipigia simu kutoka kwenye foleni ya malori: "Balisema nini?" Hakuna aliyesema kitu.

Juzi magoti ya mtoto yalivimba. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji moto. Nyumba yetu ni ndogo, kumbe alikuwa amesikia yote.

"Maman, ile dawa ya damu yangu iko fasi gani?"

"Iko mbali, mama."

"Itafika?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa na haki ya kusema ndiyo. Akauma mdomo, akangoja mpaka maumivu yakapungua kidogo.

"Basi ambia docteur nitangoya," akasema. "Lakini hapana sana."