Mistari Kumi na Tisa ya Mzee Chaki

Mzee Chaki alikuwa fundi wa zege, na mimi nilikuwa namkorogea. Nilipoacha shule kidato cha pili, yeye ndiye aliyenipa koleo. "Shika, mwanangu. Hili halina mtihani." Jina alilipata kazini. Kila akimwaga zege, anachora mstari wa chaki pembeni, mmoja kila asubuhi, mpaka siku za kufungua mbao zinazolishikilia zitimie. Hakuamini kichwa cha mtu, hata chake.

Ghorofa moja alilokuwa akijenga lilipoanguka likaua watu kumi na mmoja, yeye wakubwa wa kazi walikuwa wameshamfukuza pale. Alikuwa amegoma, miti inayoshikilia dari isitolewe, kwa sababu nguzo ilikuwa na mistari tisa tu, na dari hudai zaidi ya ishirini. Tume ya kuchunguza ajali ikamwita aje aseme alichokiona. Basi mtaani maneno yakaanza: shahidi yule anafuatwa, na anayekaa naye anaandikwa jina. Benchi lake la nje, walipozoea kukaa naye, likabaki wazi. Akiingia dukani kununua mkate, watu kimya kama wamekatiwa umeme.

Mimi nikajidai shujaa. Nikaenda kumsaidia kumwaga zege la ngazi ya mlango wake, ile iliyobomoka. Mgongo ulikuwa umemkamata, kung'oa mbao peke yake hawezi.

"Siku saba tu mzee, nakuja kufungua."

"Usije ukanisahau."

"Mimi tena!"

Kesho yake kinyozi wa pale kona akanivuta pembeni. "We, kuna gari jeupe lilisimama kwenu. Wanakuulizia." Gari lenyewe sikuliona. Nikaogopa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nikawa napita njia ya nyuma, kwenye majalala, ili nisipite mlangoni kwake.

Mzee alikutwa kitandani amekufa, siku mbili kabla ya kwenda mbele ya tume. Daktari akaandika moyo. Mtaa ukamcheka daktari. "Moyo gani unajua tarehe ya tume?" Halafu kinyozi akaona mistari ya chaki ukutani, kando ya mlango. Kumi na tisa. "Mnaona? Walikuwa wanamhesabia siku zake!" Simu zikatoka, picha zikapigwa, na watu ambao hata salamu walimnyima wakawa wanasimulia walivyokuwa wakila naye.

Binti yake akafika kutoka mbali na begi moja. Akaihesabu ile mistari. Kisha akanigeukia.

"Kaka, wewe ulifanya naye kazi. Nani aliandika hivi?"

Wote wakanitazama. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mzee akiwa ameuawa, kosa ni la muuaji, na hakuna atakayeuliza nani hakuja.

"Mwenyewe, dada. Alikuwa anahesabu siku za ngazi. Mistari saba ni ya zege."

"Na hii mingine kumi na miwili?"

"Hiyo alikuwa ananingoja mimi. Nilimwahidi, sikuja."

"Kwa hiyo hakuuawa?"

"Ya moyo siyajui, dada. Chaki ndiyo naijua."

Kinyozi akagonga viganja. "Huyu naye kashanunuliwa! Mwoneni, viatu vipya!"

Viatu vyenyewe mtumba, tena kimoja kikubwa. Lakini watu wakaguna, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, kama walivyomkimbia mzee. Upande wangu wa uwanja ukabaki mtupu.

Binti hakunitetea. Akauliza tu, "Nyundo yake iko wapi?"

"Chini ya kitanda, upande wa ukutani."

Akaingia, akaileta, akanipa bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikang'oa misumari minne. Ubao ukaachia wenyewe. Kona ya ngazi ilitoka imenyooka, hakuna hata ufa.

"Imekauka?"

"Zamani, dada."

Akaketi juu yake, akanipa mgongo, akawa anapitisha kidole kwenye ile mistari, mmoja mmoja. Nikasimama na ubao mkononi. Nafasi ilikuwepo pembeni yake. Hakuniambia kaa.