Visahani vya Wabishi

Maabara nzima walimwita Rudia, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye hadubini ileile akihesabu seli za saratani, na kila akimaliza alirudia tangu mwanzo, hata kama wenzake wameshavua makoti. Ukimharakisha anakutazama tu juu ya miwani, nawe unanywea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Seli zinapandwa kwenye visahani ishirini na vinne, zinatiwa dawa, na Rudia anahesabu kila siku ngapi zimebaki hai. Namba anampa Mwalimu, bingwa wa hesabu wa chumba cha pili, naye anatafuta wastani wake na kuuingiza kwenye mlinganyo. Kompyuta inachora mstari wa kuonyesha uvimbe utapunguaje mwezi hadi mwezi. Mstari wa Mwalimu ulishuka vizuri mpaka chini kabisa, na madaktari waliupenda.

Shida ni kwamba kila mara kulikuwa na visahani viwili vitatu ambavyo seli zake hazikuijali dawa hata kidogo, zikazidi kuongezeka. Rudia alizibandika jina la wabishi. Mwalimu akasema hivyo vimeharibika, huenda dawa haikuingia sawasawa, vinamchafulia mstari. Basi Rudia akawa anazikata namba zake daftarini na kuvimwaga visahani kwenye karai la klorini. Moyoni hakuridhika, lakini yeye nani hata abishane na mtu wa milinganyo?

Ndipo mdogo wake Rudia akaugua saratani, akapewa dawa ileile. Miezi mitatu uvimbe ulipungua, mgonjwa akaanza tena kumtania dada yake kwa miwani yake mizito. Mwezi wa nne uvimbe ukarudi kwa kasi. Daktari, mtu mpole wa watu, akawaeleza kwamba kwa wastani dawa hiyo inafanya kazi vizuri.

"Mimi si wastani, daktari," mdogo wake akasema pale kitandani. "Mimi ni mtu mmoja. Tena mbishi."

Akacheka mwenyewe. Rudia hakucheka, maana neno lile lilimkata maini. Aliliona karai la klorini mbele ya macho yake. Jamani, miaka yote ile alikuwa anawamwaga akina nani?

Ripoti ya Mwalimu ilikuwa ipelekwe Ijumaa, na ikishapita, wagonjwa wengine wote wangepangiwa dozi kwa mstari ule. Alhamisi asubuhi Rudia aliingia chumba cha pili na madaftari kumi na moja kifuani, akamwomba Mwalimu awarudishe wabishi kwenye hesabu. Aliogopa kufukuzwa kazi, tusifichane. Mwalimu alimsikiliza nusu, akamwambia ripoti imeshakamilika, halafu akafungua daftari moja na kumwonyesha kwamba namba zile amezikata yeye mwenyewe na sahihi yake ipo pembeni.

"Nimekata mimi, kosa langu," Rudia akasema. "Lakini zinasomeka."

Na kweli zilisomeka. Sharti la maabara ni kwamba namba haifutwi. Inapigwa mstari mmoja tu, ili anayekuja nyuma aione. Rudia hakuwahi kupiga miwili.

Mwalimu alishusha pumzi kama mtu aliyeombwa kubeba mzigo wa jirani. Akaanza kuandika, Rudia akimsomea namba za daftari la kwanza, safari hii wabishi wakipewa nafasi yao kwenye mlinganyo. Mstari ulishuka mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukainuka, ukapanda mpaka ukatoka nje ya kioo cha kompyuta.

Rudia aliweka kidole pale mstari ulipoinukia.

"Ndiye huyu, Mwalimu," akasema. "Mdogo wangu."

Mwalimu aliifuta ripoti ya Ijumaa kwenye kompyuta, akamvutia Rudia kiti, akalisogeza daftari la pili karibu naye.

"Soma taratibu," akasema. "Usimruke hata mmoja."