Samaki wa Bati

Fundi wangu akikata bati pale karakanani Minjila, huinuka harufu ya chuma kilichopata moto, kali kidogo, kama ladha ya sarafu iliyowekwa ulimini. Wateja huziba pua. Mimi huacha chai yangu ipoe. Harufu hiyo hunichukua hadi ukingoni mwa Tana, miaka ya hamsini, nikiwa mtoto mwenye kaptura moja, nimekaa juu ya gogo nasugua kipande cha bati kwa mchanga na jivu, na nyuma yangu watu wananicheka.

"Kambare hali bati," walisema. "Huyu hatavua hata chura."

Walisema na mengine. Walisema mtoto asiye na baba hawezi kuwa mvuvi, maana hana wa kumpandisha mtumbwini. Walisema nitazeeka nikiwinga ndege kwenye mpunga wa watu. Leo nina stashahada ya ufundi wa mitambo, ipo sebuleni ndani ya kioo, na ukuta unaoibeba nimeujenga mwenyewe. Nilikwenda Mombasa, nikavuka bahari, nikarudi. Siwaambii haya ili mnipigie makofi, ingawa mkipiga sitawazuia. Nawaambia ili mjue kwamba ufundi wangu haukuanzia darasani. Ulianza kwenye lile gogo, na mwizi wa kwanza niliyemjua maishani nilimjua nikiwa juu ya gogo hilo hilo.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Ngao na Golbanti, migomba mbele, mpunga nyuma, mto ubavuni. Nyuma ya mashamba kulikuwa na ziwa, mkono wa zamani ambao mto uliuacha ulipobadili njia. Ziwa lile halikuvuliwa ovyo. Wazee wa gasa, ndilo baraza letu, walilifunga ili samaki wanenepe, na hakuna aliyethubutu kutia ndoana mpaka walifungue. Siku ya kufungua, kila mtumbwi uliingia na watu wawili: wa mbele akivua, wa nyuma akishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Samaki waligawanywa kwa mitumbwi, si kwa nyumba. Nyumba isiyokuwa na mtu mtumbwini iligawiwa vichwa, kwa huruma.

Tangu baba alipochukuliwa na homa, mama yangu, Hawayu, alikuwa akila vichwa. Alivipika na ndizi mbichi, na nawaapia vilikuwa vitamu, lakini alivila akiwa amewapa watu mgongo. Basi mimi nilitaka kukaa mbele ya mtumbwi. Sikutaka kingine duniani. Nikikaa mbele, mama atageuka ale kama watu.

Mtumbwi uliokuwa karibu nasi kwa damu ulikuwa wa mjomba Buya, kaka yake mama. Alikuwa bingwa wa upondo, mtu mrefu wa sauti ya chini, mwenye kicheko cha kukufanya ujione umebahatika kuchekewa. Alikuwa na mwana wa rika langu, Komora. Mahali pa mbele palimngoja Komora bila hata kuuliza.

Sasa, wakati ule kila mtu alijua chambo cha kambare. Wengine walitumia minyoo, wengine kumbikumbi wakati wa mvua, wengine matumbo ya kuku yaliyochacha. Wapo walioapa kwa kipande cha sabuni ya mche, na walipata samaki, ingawa wake zao walizitafuta sabuni hizo kwa matusi. Kila mmoja alikuwa na chambo chake na alikitumia mwaka mzima, maji yawe maangavu au yawe tope, kama mtu avaavyo koti lake moja.

Kisha akaja Mzungu mmoja wa serikali, akapiga hema karibu na kivuko cha Garsen. Nilikuwa nimetumwa huko kupeleka ndizi. Nilimwona ameketi ukingoni, mbele yake kisanduku kilicho wazi, na ndani ya kisanduku wamelala samaki wadogo wasiokuwa samaki: wa mti waliopakwa rangi, wa shaba, wengine na manyoya mkiani, na kila mmoja ana ndoana tumboni. Watoto wenzangu waliwatazama wale samaki. Mimi nilimtazama yeye. Hakugusa kisanduku kwanza. Alitazama maji. Akatazama jua lilipo. Akatia mkono mtoni, akautoa, akautazama. Ndipo akachagua mmoja wa kung'aa. Hakunifundisha neno, wala hakujua kwamba nipo, lakini niliondoka pale na kitu ambacho wenzangu hawakukiona.

Nilirudi kuomba vifaa. Kopo la samli nililiokota. Ndoana niliazima kwa mzee Athmani, Mbajuni wa kutoka Kipini aliyekuwa na duka Garsen. Aliishika ile ndoana juu kama anayeagana nayo.

"Kijana, nakwazima, sikupi. Wasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Ikiliwa na mto, deni lako liko pale pale. Mto mimi siujui, nakujua wewe."

Uzi niliazima kwa bibi jirani yetu, mfuma nyavu, aliyenipa huku akinicheka hadi akashika mbavu. Singa za mkia wa fahali zilitoka kwa rafiki yangu Guyo. Guyo alikuwa Muorma, na ng'ombe wa baba yake walinywa maji karibu na shamba letu. Kwao samaki hakuwa chakula cha kutajwa mbele ya watu.

"Singa nitakupa," aliniambia, "lakini usiniletee samaki. Hata harufu yake usiniletee. Mama atanilaza nje na ndama."

"Nikulipe nini basi?"

"Ndizi. Mkungu mzima, si zile zenu za kudondoka."

Nilikata bati kwa umbo la jani la mkuyu, nikalipinda kidogo katikati ili likivutwa liyumbe, nikalisugua mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Mkiani nikafunga ile ndoana na singa. Kisha nikaenda kulijaribu mtoni, mahali ambapo maji huingia pembeni na kutulia, maana ziwa lilikuwa bado limefungwa.

Siku za mwanzo sikupata kitu ila kejeli. Watu walipita na majembe begani wakiniuliza kama bati limeiva. Komora aliniletea chumvi, eti ya kumkolezea samaki wangu. Nilitazama maji. Niliona kwamba jua likiwa juu, bati humulika kama kioo na samaki wadogo wanakimbia. Nikahamia alasiri, jua likiwa limelala, nikavuta polepole, nikaacha lizame, nikavuta tena. Ndipo uzi ukakazana mkononi mwangu kana kwamba mtu wa chini ya maji ameuomba.

Alikuwa kambare wa urefu wa mkono wangu, ndevu zikinipiga kifuani nilipomkumbatia. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mjomba Buya. Alikuwa amesimama mtumbwini mwake, upondo umechomekwa kwenye tope, ananitazama. Hakucheka.

"Ametumia nini?" aliuliza, kana kwamba nipo na mwingine.

"Bati, mjomba."

"Bati tupu?"

"Bati na singa."

Alishuka, akalichukua, akaligeuza geuza kiganjani, akalitia majini na kulivuta mwenyewe akiangalia linavyoyumba. Kisha akaniwekea mkono kichwani. "Mpwa wangu," alisema, "siku ya ziwa utakaa mbele. Komora atangoja mwakani." Nilikimbia nyumbani na kambare wangu. Mama alimpika mzima, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu baba alipokuwa hai.

Siku moja kabla ya kufunguliwa ziwa, mjomba alikuja nyumbani. "Nipe lile bati," alisema. "Uzi wako umechoka. Nitalifungia uzi mpya, likae tayari mtumbwini." Nilimpa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa.

Asubuhi nilifika ziwani nimeoga, nimepakwa mafuta na mama. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wazee wa gasa wameketi. Komora alikuwa mbele ya mtumbwi. Shingoni mwake, kwenye uzi mpya, bati langu linang'aa.

Nilidhani ni mzaha. Nikaingia majini mpaka magotini, nikashika ubavu wa mtumbwi. "Mjomba, nimefika."

"Rudi ukingoni, mtoto," alisema. "Kuna mamba."

Mzee mmoja wa gasa akaliona lile bati, akauliza ni kitu gani hicho na nani amekitengeneza. Mjomba hakusita hata kidogo. Kwa ile sauti yake ya chini alijibu, "Mwanangu, Komora. Ana akili za mikono."

"Ni langu!" nilipiga kelele. "Mjomba, waambie ni langu!"

Watu walicheka, kwa upole, kama mnavyomcheka mtoto anayelilia mwezi. Wale wale waliokuwa wameniona na bati kwa siku zote zile! Komora alitazama maji. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa karibu, amekuja kunishika bega, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama, sema."

"Nyamaza," aliniambia. "Yule ni ndugu yangu."

Nawaambia ukweli, neno hilo liliniuma kuliko bati. Nilikuwa mdogo mno kujua kwamba mwanamke asiye na mume, akimwaibisha kaka yake mbele ya wazee, hana tena wa kumsemea siku ya kugombea mpaka wa shamba. Mimi nilichokiona ni kwamba nilikuwa na watu wawili duniani, na kabla jua halijapanda wote walikuwa upande mwingine wa maji.

Mtumbwi wa mjomba ulijaa samaki hadi ukakaribia kuzama. Sisi tuligawiwa vichwa. Mama alivipika. Mimi sikula.

Sifa za Komora zilifika Ngao. Nami zikanifikia lawama. Mzee Athmani alikuja ziwani, akaiona ndoana yake. "Naiona kwa Komora," aliniambia, "lakini Komora simdai. Nilimwazima nani?" Nikasema ni mimi. Bibi mfuma nyavu naye akaulizia uzi wake. Guyo hakuuliza, alinitazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kisha mvua zikanyesha huko juu tusikokujua, na Tana ikaja. Iliingia ziwani, ikavuka mpaka kwenye mpunga, na maji yote yakawa rangi ya chai ya maziwa. Komora alitupa bati asubuhi, akatupa alasiri, akatupa kwenye kina na pembeni. Hakuna kilichogusa. Siku kadhaa zikapita hivyo, mpaka mjomba akaja mlangoni petu.

"Mpwa wangu, lile bati limeharibika?"

"Mwulize aliyelibuni," nilimjibu.

Mama alishtuka na chungu mkononi, lakini safari hii hakuniambia ninyamaze.

Walichukua bati, jamani. Hawakuchukua macho. Kwenye tope kambare hamwoni hata mamaye, hutafuta kwa ndevu na kwa kusikia maji yanavyotikisika. Kung'aa kungefaa nini? Nilikata ukanda wa ngozi kutoka kwenye kiatu kilichokufa. Guyo alinipa singa nyeusi, fungu nene. Nilitoboa vifuniko viwili vya soda vigongane vikivutwa, na ngozi nikailoweka kwenye maji ya matumbo ya kuku mpaka mama akanifukuza uani. Ndoana niliipinda mwenyewe kwa spoku ya baiskeli mbovu, sikuazima kwa mtu. Mnyama wangu alikuwa mbaya wa kutazamwa na mwenye uvundo. Nilimtupa pale ambapo maji yalikuwa yamepanda juu ya mpunga, nikiwa nimesimama kwenye tuta, nikamvuta kwa kumshtua shtua, vifuniko vikilia chini kwa chini.

Nilivua mpaka mikono ikachubuka. Mjomba na Komora walikuwa mtumbwini wakitazama, bati likining'inia bila kazi. Watu waliokuwa wakinicheka walishuka kwenye tuta, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Kumbe alikuwa huyu." Basi. Hakuna aliyesema zaidi, wala hakuna aliyekwenda kuwaambia wazee wa gasa. Komora amezeeka na wajukuu, na mpaka leo huwasimulia jinsi alivyobuni samaki wa bati. Wanamwamini.

Kesho yake nililipa. Mzee Athmani nilimpelekea kambare aliyemjaa mikononi, akasema ndoana moja haina thamani hiyo. Nikamwambia iliyozidi ni kwa kunijua mimi na si mto. Bibi mfuma nyavu alipata wawili, akacheka tena, ila safari hii alinishika shavu. Samaki wengine niliwabadilisha kwa mkungu wa ndizi uliokomaa vizuri, nikanawa mikono kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikaisha, nikaupeleka kwa Guyo. Aliunusa mkungu, akaninusa mimi, akaridhika.

Nikirudi nilipita mbele ya nyumba ya mjomba Buya nikiwa na samaki mmoja wa mama. Alikuwa ameketi nje, peke yake.

"Nasikia unawagawia watu," alisema. "Na mimi je?"

Wasomaji wangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijui somo gumu kuliko hili nililolielewa nikiwa na mvi: kijiji kizima hakikuniamini, na kwa hiyo kiliniachia bati langu. Aliyeniamini ni mtu mmoja tu. Alilitia majini kwa mkono wake, akaliona linayumba, akaamini kabla ya mama yangu, na ndiyo maana alilichukua.

Lakini siku hiyo nilikuwa mtoto, na nilijua hesabu moja tu.

"Wewe hukuniazima kitu, mjomba," nilimwambia.

Alivuta miguu yake nyuma ili nipite, nikapita.