Kigoda cha Baba

Juzi nilimwona mgeni wa jirani amekalia kigoda cha mwenye nyumba, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mdogo, mgeni wetu kutoka Nyarero alikalia cha Baba wiki mbili, akinuka tumbaku na kuagiza maziwa. Baba alikuwa amekwenda kujenga kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Mimi niliamini harudi kwa sababu hana pa kukaa.

Mchana mmoja nikanyunyizia kigoda upupu. Mgeni aliondoka akijikuna hadi njia panda.

“Umemfukuza mgeni wa baba yako,” Mama alisema.

“Sasa atarudi, Mama. Kigoda kiko wazi.”

Mama akaendelea kupepeta mtama.

Siku hizi najua Baba alikuwa na mke mwingine kule, na kigoda kingine. Lakini jioni ile nilifuta upupu wote, nikakaa chini, nikajikuna na kungoja.